Kiti Alichokitoa Evert

Annelie alisema maneno yake akiwa amesimama mlangoni, viatu bado viko miguuni, na hapo Ragnhild akajua kwamba mkwewe hakuja kunywa kahawa.

"Mpaka kile kiti kikaguliwe na mtu anayejua, Tuva hapandi gari lako."

"Kina kasoro gani?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kikaguliwe. Jumatano kuna mama mmoja pale kituo cha zimamoto mjini, anawaangalizia watu viti vya watoto. Halipishi."

"Halipishi," Ragnhild alirudia.

"Sijaja kugombana, Ragnhild."

Akaondoka. Ragnhild akabaki anaitazama theluji aliyoiacha kwenye kizulia ikiyeyuka taratibu.

Jumamosi ile alikuwa amchukue Tuva, mjukuu wake wa miaka mitatu, waende wawili tu kwenye kibanda cha ziwani, wakatoboe barafu na kuvua samaki. Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu mtoto alipozaliwa. Kila ilipokaribia, Annelie alikuwa na sababu. Mara kikohozi, mara baridi imezidi, mara matairi ya Ragnhild yameisha meno. Matairi yalipobadilishwa, sasa ni kiti. Joel, mwanawe Ragnhild na mumewe Annelie, alikuwa mgodini kwa zamu ya wiki mbili, na hata angekuwepo angesema tu, "Malizaneni wenyewe."

Ragnhild alikuwa na shaka kwamba kiti ni kisingizio. Lakini chini ya shaka hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakupenda kukigusa. Wiki tatu nyuma, Jumanne, Annelie alimwomba amchukue Tuva chekechea kwa sleji ya kusukuma, ile inayoteleza juu ya theluji, kama kawaida. Siku hiyo joto lilikuwa limeshuka mno, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, na goti lilikuwa linamuuma. Akaenda na gari. Jioni Annelie alipouliza kama sleji iliteleza vizuri, Ragnhild alijibu, "Vizuri sana." Tangu hapo kila Annelie alipomtazama kwa muda mrefu, alijiuliza kama mtoto amesema.

Jumatano akaenda mjini na kile kiti.

Yule mama aliitwa Gunnel. Alikuwa na mikono mipana na kofia ya sufu iliyofumwa vibaya, na kabla ya kustaafu alifanya kazi kwenye gari la wagonjwa miaka thelathini. Ragnhild alitupa macho kila pembe ya ukumbi akitafuta viti vya kuuza au vipeperushi vya duka. Hakuona hata kimoja. Jambo hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

"Unauza vya kampuni gani?"

"Siuzi."

"Basi unapata nini?"

"Kahawa ya zimamoto," Gunnel alisema. "Na ni mbaya. Haya, nionyeshe."

Alimtaka Ragnhild akifunge mwenyewe kwenye kiti cha mbele cha gari, kikitazama nyuma, kama afanyavyo siku zote. Ragnhild akafunga. Gunnel akakishika kwa mikono miwili na kukitikisa, kiti kikacheza kama jino la mtoto.

"Weka goti lako ndani, ukikandamize kwa uzito wako, ndipo uvute mkanda. Hivyo. Na mfuko wa hewa wa upande huu umezimwa? Ukifumuka utamponda mtoto."

"Sijauzima mimi. Ila taa inawaka."

"Taa gani? Inasema umezimwa au inasema inafanya kazi? Soma."

Ragnhild akavaa miwani akasoma. Ulikuwa umezimwa, na fundi ndiye aliyeuzima alipobadilisha matairi. Akashusha pumzi, kisha akaudhika kwa kuwa Gunnel alimsikia.

Gunnel akaleta mdoli wa mchanga, mzito kama mtoto wa miaka mitatu, akaomba ovaroli ya baridi ya Tuva. Ragnhild alikuwa nayo kwenye buti. Wakamvika mdoli, Ragnhild akamfunga mikanda akaivuta mpaka vidole vikamuuma.

"Imekaza?"

"Unaona mwenyewe."

Gunnel akafungua mikanda bila kuilegeza, akamvua mdoli ovaroli, akaifunga tena vilevile. Kati ya mkanda na kifua cha mdoli ngumi yake iliingia yote, ikabaki na nafasi.

"Ulikuwa umemfunga nani? Mtoto au pamba?"

"Hatuwezi kuwavua watoto kwenye baridi hii."

"Mvue ndani ya gari, mfunge, kisha mfunike blanketi juu ya mikanda. Kipite kidole kimoja tu. Na akae akitazama nyuma mpaka afike miaka minne, na akienea azidi. Shingo yake bado changa, kichwa kizito."

"Sisi wetu tuliwapakata," Ragnhild alisema. "Na wakakua."

"Najua," Gunnel akajibu. "Wengine niliwaokota mimi."

Hakulisema kwa ukali. Ragnhild akaichukua ovaroli, akaanza kuikunja.

"Kiti umekipata wapi?"

"Kwa jirani yangu, Evert. Wajukuu wake wamekua. Nilimpa chupa mbili za jamu."

"Kimewahi kuwa kwenye ajali?"

"Evert ni mtu mwangalifu sana."

"Sikuuliza Evert yukoje."

Gunnel akaanza kuvua kitambaa cha kiti. Ragnhild akasogea karibu, macho kwenye mikono ya yule mama, maana alishasikia habari za watu wanaokuonyesha ubovu walioutia wenyewe. Mikono ilikuwa mitupu. Ile karatasi ya rangi ya chungwa inayoonyesha kwamba kiti kimepimwa ilikuwa imebanduliwa, imebaki gundi tu. Kwenye plastiki, pale mkanda unapopita, palikuwa na mstari mweupe mwembamba kama unywele. Na chini kabisa, kwenye mfereji wa kona, kulikuwa na chembechembe zinazong'aa. Ragnhild akadhani ni sukari. Akachukua moja, ikamkwaruza.

"Kioo cha dirisha la ubavuni," Gunnel alisema. "Kiti hiki kimeshagongwa, mama. Kimefanya kazi yake mara moja, ya pili siiamini. Kata mikanda ndipo ukitupe, asije mwingine akakiokota."

Njiani Ragnhild aliendesha polepole. Alikuwa akiliwaza gari la Evert. La buluu, lakini tangu vuli mlango mmoja ulikuwa wa kijivu, na vuli ndiyo majira ambayo kulungu wakubwa hukatiza barabara. Alipomuuliza, Evert alisema mlango wa zamani uliliwa na kutu. Naye akamwamini, kwa sababu amemjua miaka arobaini. Annelie aliyemjua miaka sita ndiye aliyekuwa akimtilia shaka.

Evert alikuwa uani anapasua kuni. Ragnhild akakiweka kiti juu ya gogo mbele yake.

"Ulimgonga kulungu mkubwa."

"Nani kasema?"

"Mlango wako."

Evert akashusha shoka. "Alikuwa ndama tu. Na kiti kilikuwa kitupu, hakuna mtoto ndani. Bima wakatupatia kipya, wakasema hiki tukitupe. Kitu kizima namna ile? Wewe ungekitupa?"

Ragnhild alifikiria chumba chake cha chini, makopo matupu ya aiskrimu yaliyopangwa mpaka darini. "Nisingetupa. Lakini ningesema."

"Ungesema?" Evert akamtazama kwa jicho la pembeni. "Ukija kuchukua kwa furaha vile, na jamu mkononi, ungesema?"

Swali lile lilimwingia mahali ambapo Evert hakulilenga.

"Nipe kisu," akasema.

Akakata mikanda yote mitano, mmoja mmoja. Evert alitazama kama mtu anayechinjiwa mbuzi wake.

"Jamu nimeshakula," akasema mwishowe.

"Ndivyo nilivyodhani."

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Annelie, akavua viatu mlangoni, akavipanga, akaingia jikoni. Tuva alikuwa amelala usingizi wake wa mchana. Annelie alikuwa anamenya viazi, hakugeuka.

"Kiti kimegongwa," Ragnhild alisema. "Ajali, vuli iliyopita. Evert hakuniambia. Nimeshakikata." Akangoja. Annelie akachukua kiazi kingine. Ragnhild alijua kwamba akinyamaza hapo, atakuwa mwanamke aliyedanganywa na jirani, basi, na Jumamosi huenda ikabaki yake. "Na ile Jumanne ya baridi sikwenda na sleji. Nilimrudisha kwa gari, ndani ya kiti hicho, na ovaroli yake yote. Nikakudanganya."

Annelie akaweka kisu chini. Akafuta mikono, akachukua kutoka dirishani kikombe kidogo cha kukalishia yai, akakiweka mezani. Ndani kulikuwa na chembe moja ya kioo.

"Niliikuta kwenye soksi yake, jioni ileile," alisema. "Akasema ni almasi, imetoka kwenye kiti cha bibi."

Ragnhild akakisogeza kile kikombe karibu. Kumbe wiki tatu nzima kilikuwa pale dirishani, naye ameshakunywa kahawa kando yake mara mbili.

"Ulijua. Mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama utasema wewe."

"Umenitega."

"Nimekungoja," Annelie akajibu. "Sikulala vizuri, ukitaka kujua."

Hasira ilimpanda Ragnhild, kisha ikashuka, kwa sababu chembe ile ilikuwa na ncha na mguu wa mtoto ni laini.

"Na Jumamosi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jumamosi nakuja na kiti changu. Utakifunga wewe. Mimi nitatazama. Nisiporidhika, tunarudi nyumbani wote wawili, mimi na yeye."

Jumamosi saa nne asubuhi Ragnhild aliweka goti ndani ya kiti, akakandamiza, akavuta mkanda. Akasoma taa kwa sauti. Akamvua Tuva ovaroli, Tuva akalalamika, akamfunga, akapitisha kidole kimoja, akamfunika blanketi mpaka kidevuni. Kisha akasogea pembeni.

Annelie akakitikisa kiti. Hakikucheza. Akavuta mikanda. Akazunguka upande wa pili, akavuta tena.

"Vuta mara ya tatu," Ragnhild alisema. "Mimi ningevuta."

Annelie akamtazama kuona kama ni kejeli. Haikuwa. Akavuta mara ya tatu, akafunga mlango, akasema tu, "Saa tisa muwe mmerudi."

Waliondoka. Tuva, aliyekaa mbele akitazama nyuma, alikuwa anaona yote wanayoyaacha.

"Bibi, mama anatufuata."

Ragnhild akainua macho kwenye kioo. Kweli, gari la Annelie lilikuwa nyuma yao, mbali kidogo, taa zinawaka.

"Najua," akasema. "Mpungie mkono."

Mkono mdogo ukatoka chini ya blanketi, ukapunga. Annelie aliwafuata mpaka njia panda ya kwenda ziwani. Hapo akasimama kwa muda mrefu, ndipo akageuza gari.