Kigoda Chini ya Goti

Ekitela alipotolewa chumba cha wagonjwa mahututi, baada ya siku kumi na tisa za homa ya mapafu na mashine, hakuulizia chakula. Aliuliza harusi ya binti yake Peris imebakiza muda gani.

"Wiki sita," mkewe Akidor akamjibu.

"Basi nitaruka."

Wodi nzima ilicheka, maana mtu mwenyewe hakuweza kuinua kijiko. Akidor hakucheka. Kule kwao Kiwanjani, ngoma ya edonga ikianza na wanaume wakiruka wima kwenye mstari, hakuna aliyewahi kumpita mumewe.

Kila asubuhi Akidor alikuja na uji, na chini kabisa ya kikapu alileta ekicholong ya Ekitela, kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukiweka chini ya kichwa usiku. Siku ya kwanza alikifunga kwa shuka, akakisukuma chini ya goti la kulia lililokuwa likiuma. Ekitela akashusha pumzi. "Hapo hapo, Mama Peris. Mungu akubariki."

Tangu hapo goti lilishinda juu ya kigoda. Ila Kiende, daktari wa viungo, akisikika mlangoni, Akidor alikirudisha kikapuni upesi. Aliogopa kufukuzwa kwa kuleta gogo kwenye kitanda safi.

Wiki mbili zikapita. Kiende akaulaza mguu wa kushoto, ukalala. Akaulaza wa kulia, goti likabaki juu, na ngumi yake nzima ikapita chini yake.

"Sielewi," akasema. "Mazoezi ni yale yale. Mbona huu umegoma peke yake?"

"Huo ni wa ukoo wa mama yangu," Ekitela akasema. "Ni wavivu."

Kiende hakucheka sana. "Goti likikaa limekunjwa siku nyingi, mishipa ya nyuma hufupika. Tukichelewa, mzee, hutasimama wima tena."

Akidor akatazama kikapu. Angeweza kukiacha kigoda nyumbani kesho, na hakuna ambaye angejua. Akaingiza mkono, akakitoa.

"Daktari, ni mimi."

Kiende alikigeuza kigoda mikononi. "Kumbe fundi ni wewe?"

"Alikuwa anaumia."

"Najua, mama. Ungekuwa humpendi, mguu huu ungekuwa umenyooka zamani."

Kisha akakirudisha kigoda kitandani, lakini chini ya kisigino. Goti likabaki hewani bila cha kuliegemeza, uzito wake wenyewe ukaanza kulivuta chini taratibu.

"Mama Peris!" Ekitela akapiga kelele. "Kama unataka mume mwingine si useme tu!"

"Dakika kumi, mara nne kwa siku," Kiende akasema. "Na askari ni mama."

Akidor aliishika kazi. Kila jioni alikiondoa kigoda, akaulaza mguu, akapima nafasi chini ya goti kwa mkono wake. Ngumi. Vidole vinne. Vitatu. Kwenye viwili ilikwama siku tisa, hata baada ya kurudi nyumbani. Esekon, rafiki wa Ekitela, alikuja kumjulia hali. "Usijali, mzee. Harusini tutakufunga kwenye nguzo ya hema, usimame kama wenzako."

"Nenda ukafunge mbuzi wako," Akidor akamwambia. Siku ya kumi kilipita kidole kimoja tu.

Harusini Ekitela aliingia mstarini, kigoda mkononi. Akaruka. Hakufika juu sana, kandambili zingepita chini ya nyayo zake, labda mbili zikipandana. Watu walipiga vigelegele. Akidor hakutazama nyayo. Alitazama goti la kulia lilipokuwa hewani. Lilikuwa limenyooka.

Ekitela akamjia akichechemea, anahema, jasho linamtoka. "Umeona? Leo kigoda kinarudi kwenye kazi yake ya kichwa."

"Kisigino kwanza," Akidor akasema, akamvutia kiti. "Dakika kumi."