Tone la Mafuta Kila Jumatatu

Mtu akibishana na mita yangu, mimi huwaka. Ndivyo nilivyo, na pale kiwandani Kitale, tulikokausha mbegu za mahindi, kila mtu alijua. "Madam Waruguru na mita yake," walisema, nami nilicheka kwa sababu walisema kweli.

Kazi yangu ilikuwa kupima upepo. Feni kubwa ilisukuma upepo moto ndani ya bomba la bati, pana kiasi cha mtu kutambaa ndani, mpaka kwenye masanduku ya mbegu. Ubavuni mwa bomba kulikuwa na matundu tisa. Kila asubuhi niliingiza mita katika kila tundu, kigurudumu chake kikazunguka, nikaandika. Upepo ulitakiwa kwenda mita nane kwa sekunde. Ukipungua, mbegu huota ukungu.

Mita yenyewe niliitunza. Marehemu mama alikuwa fundi wa cherehani mjini Moi's Bridge, na kwetu chochote kilichozunguka kilipata tone la mafuta ya cherehani kila Jumatatu, hata gurudumu la baiskeli. Mita pia ikapata lake.

Novemba 2006, katikati ya msimu, mita ikasoma sita. Wiki iliyofuata, tano.

"Bomba limejaa makapi," nilimwambia Barasa, mzee wa Bumula aliyelifagia kila Jumamosi.

"Nimefagia, Madam. Yote."

"Basi fagia tena!"

Tukazima feni, akaingia kwa magoti. Nikapima: tano. Akaingia mara ya tatu, akatoka akikohoa, macho mekundu. Nne na nusu! Nilimwambia mbele ya watu kwamba yeye huenda kulala humo ndani. Kisha nikampelekea meneja daftari langu, na nani angebishana na tarakimu? Jioni hiyo Barasa alifutwa kazi aliyoifanya miaka kumi na sita.

Jumatatu nikatia tone langu kama kawaida. Kimeli, mfagiaji mpya, akaingia bombani, akatoka na vumbi lisilojaa kiganja.

"Madam, huku ni kusafi kama sahani. Ati nifagie nini?"

Nikapima. Nne.

Nikaigeuza mita mkononi. Kesho yake nilibeba mita hadi Bungoma kwa Agneta, fundi wa vipimo niliyesoma naye chuo. Aliwasha feni yake, akashika mita yangu na yake mbele ya upepo ule ule. Yake ilisoma nane. Yangu, nne.

Akaifungua kwa bisibisi ndogo. Pale kigurudumu kinapokaa palikuwa na ukoko mweusi, unga wa mahindi ulioshikana na mafuta.

"Wewe Waruguru, nani ametia hii kitu mafuta?" aliuliza. "Hii hupigwa brashi kavu tu, bana. Mafuta inashika vumbi, inakaba."

 Niliketi juu ya kreti ya soda. Upepo ulikuwa mzima siku zote hizo. Bomba lilikuwa safi. Mzee wa watu alitambaa mara tatu kwenye bati la moto akitafuta uchafu niliouweka mimi ndani ya mita.

Sikurudi Kitale. Nilipanda pikipiki hadi Bumula, nikamkuta Barasa akipukuchua mahindi mlangoni pake. Aliponiona alisimama haraka, akafuta mikono kwenye suruali. Magoti ya suruali hiyo yalikuwa yametoboka.

"Mzee Barasa," nilisema, na sikuwa nimewahi kumwita mzee, "bomba lilikuwa safi. Mita ndiyo ilikuwa mbovu, na niliiharibu mimi kwa mkono wangu. Kesho nitamwambia meneja mbele ya watu wote. Nisamehe."

Nilitaka anifokee. Nilitamani anifukuze. Yeye alinisogelea.

"Kwa hivyo nilifagia?" aliuliza.

"Ulifagia, mzee."

Akageuka kwa furaha, akamwita mkewe aliyekuwa ndani. "Mama, kuja usikie! Madam anasema nilifagia kweli!" Kisha akarudi kwangu, sauti imeshuka.

"Jumapili nilisimama kanisani nikatubu uvivu," alisema. "Mimi nilijua nimefagia, Madam. Lakini si mashine ilikuwa imesema?"