Imebaki Vifungo Tu

Mafundi cherehani wote ni waongo, na Mhina wa Handeni mjini alikuwa mwongo mwenye kipaji. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa akicheka ukimwambia. Kitambaa chako kiko chini ya benchi, hata mkasi hakijauona, yeye anakutazama usoni na kukwambia, "Mama, imebaki vifungo tu, pitia kesho." Na wewe kesho unapita! Ikifika Januari, shule zinafunguliwa na kila mzazi anataka sare ya mwanawe leo leo, Mhina alikuwa hapokei simu ya namba asiyoijua. Namba inayosumbua sana anaihifadhi kabisa: Usipokee 1, Usipokee 2, hivyo hivyo. Januari hii alikuwa amefika Usipokee 6.

Kumbe kati ya hizo sita, moja haikuwa ya sare.

Turudi nyuma kidogo. Damu ilianza mwezi wa Ramadhani. Mhina, miaka thelathini na miwili, mtu anayecheza mpira kila Jumapili, alikwenda haja kubwa akaona wekundu, akalisingizia tikiti maji alilofuturu nalo. Kesho yake hakula tikiti, damu ikaja vilevile. Hapo akaanza kuchanganyikiwa, na tangu siku hiyo hakuelewa tena mwili wake unataka nini. Leo choo kigumu, kesho kinamkimbiza mara tano. Anatoka chooni, anakaa kwenye cherehani, anahisi bado hajamaliza, anarudi, hakuna kitu. Mara tumbo linanyonga, mara linatulia wiki nzima mpaka anajiona mjinga kwa kuogopa.

Akamuuliza Raymond, fundi mwenzake wa kibanda cha pili. Raymond hata macho hakuinua kwenye kazi yake.

"Bawasiri hiyo, kaka. Tunakaa mno. Umeota kinyama."

Ndiyo lugha yetu ya mtaani. Mtu akitoka damu kule nyuma, ameota kinyama, mjadala umefungwa. Mustafa, muuza dawa za mizizi pale njia panda ya Segera, naye akasema hivyohivyo kabla hajamaliza kuelezwa, akamfungia chupa ya dawa ya kuyeyusha kinyama, chungu ya kutoa machozi. Mhina akanywa chupa tatu. Kilichoyeyuka ni yeye mwenyewe. Suruali yake ya kijivu aliipunguza kiuno mwezi wa sita, akaipunguza tena mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi na moja akajizungushia futi kamba: inchi tatu zimekwenda. Fundi anajua vizuri inchi tatu ni nyama kiasi gani. Alisimama na ile futi mkononi, hofu imemjaa, halafu akaishona ile suruali, akakata uzi kwa meno, akaivaa. Mkewe Maryamu alipomuuliza mbona anakonda, akamjibu kwamba ni kazi tu.

Desemba akaanguka akipiga pasi. Alipozinduka, shati la mwalimu mmoja limeungua mgongo mzima na Raymond anampepea kwa karatasi. Huyohuyo Raymond akampeleka Korogwe hospitali, akakaa nje kumsubiri, maana mambo ya nyuma ni aibu na Mhina hakutaka mtu aingie naye. Ndani akamkuta Dokta Getruda, daktari wa upasuaji, mwanamke. Loo! Mhina nusura ageuze njia. Daktari akavaa glavu ya mpira, akampima kwa kidole, Mhina kageukia ukutani amefumba macho. Baadaye kikaja chombo cha kuchungulia ndani. Alipokuwa anafunga mkanda, jasho linamtiririka, alisikia daktari akisema nyuma yake:

"Nimeona kinyama. Nimekata, kinakwenda maabara kupimwa. Meza hivi vidonge vya kuongeza damu. Majibu wiki mbili, tutakupigia simu. Usikose kuja."

Mhina alishika mawili tu: kinyama, na nimekata. Hayo mengine yalipita juu ya kichwa chake. Sasa jamani, tumlaumu? Raymond kasema kinyama, Mustafa kasema kinyama, daktari mwenye koti jeupe naye kasema kinyama, tena kaongeza kwamba kakata. Mtu aulize nini tena? Alitoka anatabasamu. Nyumbani akamwambia Maryamu, "Kilikuwa kinyama tu. Wamekikata, kimekwisha." Maryamu akachinja jogoo.

Siku ya kumi damu ikarudi. Mhina alikaa kule chooni akitazama, akili haimpi. Kitu kilichokatwa kinavujaje? Labda kidonda. Lakini kidonda gani hiki? Basi akajiambia yaleyale anayowaambia watu: kimebaki kidonda tu, kesho kitapona. Wiki mbili zilipopita, kwenye meza ya cherehani simu ikaanza kuita kila baada ya siku mbili tatu, namba ngeni, asubuhi asubuhi. Mama mwenye haraka na sare, akasema. Akaihifadhi: Usipokee 4.

Wiki ya pili ya Januari akaja Bibi Zuena kutoka Mpale, mama wa mama yake, kushonewa gauni. Bibi huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na kama ilivyo kwa bibi na mjukuu wa kiume, utani wao haukuwa na mpaka. Mambo ambayo mke anayameza, Bibi Zuena anayatoa hadharani.

"Mume wangu," akamwita siku ya pili tu, mbele ya wateja, "kule chooni unajenga? Maana unakwenda na kurudi kama umeweka mafundi."

Wateja wakacheka, Mhina naye akacheka, akaenda zake hukohuko chooni. Simu akaiacha mezani. Ikaita. Bibi Zuena hakusoma shule hata siku moja. Angejua kusoma angeona imeandikwa Usipokee, angeiacha iite mpaka ichoke. Yeye aliona kitu kinalia, akakibonyeza pale penye kijani.

"Haloo! Nani?"

"Shikamoo. Naitwa nesi Dorkasi, napiga kutoka hospitali Korogwe. Namtafuta Mhina. Tumempigia wiki tatu nzima."

"Marahaba. Mhina ni mume wangu. Yuko chooni."

"Mama, mwambie majibu ya kinyama chake yametoka siku nyingi. Aje kesho. Na asije peke yake, aje na ndugu."

Mwenye miaka sabini na kitu hahitaji kufafanuliwa maana ya aje na ndugu. Mhina aliporudi alimkuta ameketi na simu mapajani, utani umemtoka.

"Wanasema majibu ya kinyama," akamwambia. "Kinyama gani?"

"Kile walichokikata, bibi."

"Kama walikikata, wanataka nini tena?"

Mhina aliitazama ile simu: Usipokee 4, mara tisa wamepiga.

Kesho yake waliingia watatu kwa Dokta Getruda: Mhina, Maryamu na Bibi Zuena ambaye alikataa katakata kubaki, eti yeye ndiye aliyepokea simu. Daktari alikuwa na karatasi mbele yake. Aliwaamkia, akaketi karibu nao badala ya kukaa ng'ambo ya meza.

"Mhina, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, dokta. Nilijua nimepona."

"Nani alikwambia umepona?"

"Wewe. Ulisema umekata kinyama."

Daktari akafumba macho kidogo. Mimi namsifu kwa hapo, hakugomba. Alichukua kalamu, akaweka nukta kwenye karatasi. "Nilikata kipande hiki, saizi ya punje ya mtama. Cha kupima. Chenyewe bado kipo. Ni langu kosa hilo, ningekueleza vizuri zaidi." Akaiweka kalamu. "Na si bawasiri. Ni saratani, Mhina. Kansa ya utumbo mpana, kule mwisho kabisa karibu na njia ya haja."

Maneno yalifika, lakini hayakukaa. Mhina alimsikia akisema Dar es Salaam, akisema picha ya kuona kama imesambaa, akisema mionzi, dawa za dripu, upasuaji. Akasikia kwamba huenda watamtolea njia ya choo pembeni ya tumbo, kwenye mfuko, labda kwa muda, labda moja kwa moja. Yeye alikuwa anatazama kifungo cha koti la daktari, kimening'inia kwa uzi mmoja, akawaza kwamba kile kingemchukua nusu dakika. Halafu akashtuka.

"Lakini kansa si ya wazee?" akauliza. "Mimi nacheza mpira!"

"Wengi tunaowaona ni wazee. Siku hizi na vijana tunawapata. Ndiyo maana kijana akitoka damu kila mtu anasema bawasiri, na yeye anakubali."

Maryamu akamgeukia. "Uliniambia kimekwisha," akasema. "Nikachinja jogoo, Mhina. Tukala."

Mhina alitaka kumshika mkono. Maryamu akauondoa.

Daktari akauliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua tumbo hivi, hasa akiwa kijana. Mhina akatikisa kichwa, hakuna. Bibi Zuena akasema, "Yupo."

Wote wakamgeukia.

"Mwanangu. Mama yake huyu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa." Bibi alikuwa anazungumza na mikono yake mwenyewe. "Alikuwa akitoka damu. Yeye akiona haya kusema inatokea wapi, sisi tukasema chango, chango la uzazi. Nikamchemshia mizizi. Kila asubuhi nilimchemshia kwa mikono hii. Akakonda, akakonda, tukasema amerogwa." Akainua macho kwa daktari. "Ilikuwa hii?"

"Hatuwezi kujua sasa, bibi. Inawezekana. Kwa hiyo hata ndugu wa Mhina wa tumbo moja tutataka tuwapime, wasisubiri waumwe."

"Nilimchemshia mizizi," Bibi Zuena akarudia. Akaanza kulia bila sauti, na Maryamu, ambaye alikuwa na hasira zake, akamshika.

Mhina akauliza swali moja lililobaki, nalo lilimtoka kwa shida. "Nimechelewa?"

"Umechelewa mwezi mmoja na wiki moja tangu nikupime, na miezi kabla ya hapo," daktari akasema. "Lakini hujachelewa kiasi cha kukaa nyumbani. Picha ndiyo itatuambia. Jumatatu uwe Dar, barua hii hapa. Nikikupigia, pokea."

Saa nane mchana walikuwa stendi ya Korogwe wakisubiri basi la Handeni. Hakuna aliyekuwa na njaa, lakini Maryamu alinunua mahindi ya kuchemsha, wakayashika tu mikononi. Kichwa cha Mhina kilikuwa vurugu tupu. Jana alikuwa mtu mwenye kidonda kinachopona. Leo ana kitu ambacho jina lake hakuwahi kulitamka hata kwa utani, na mwili ni uleule, suruali ni ileile ya kijivu. Aamini nini? Alijaribu kulisema lile neno kimoyomoyo, likamkataa.

Simu ikaita. Usipokee 2. Huyu alimjua, mama Upendo, sketi mbili za bluu, kitambaa kiko chini ya benchi tangu Desemba. Kidole kilikwenda kwenye wekundu kwa mazoea, kikasimama. Akapokea.

"Fundi! Leo umepokea? Haya, sketi za Upendo zimefikia wapi? Usiniambie vifungo."

"Mama Upendo, sijakata hata moja."

Nadhani hakuna fundi aliyewahi kumwambia hivyo tangu azaliwe.

"Hujakata?"

"Sijakata. Na sitakata wiki hii. Naumwa." Maryamu na Bibi Zuena walikuwa wanamtazama. "Nina kansa. Kansa ya utumbo. Nimetoka kuambiwa sasa hivi."

"Jamani fundi!" mama Upendo akafoka. "Mwaka jana ulimzika shangazi mara mbili kwa ajili ya shati la baba Upendo! Leo umefika kwenye kansa? Huogopi?"

Mhina akacheka. Kicheko kilianza vizuri, kikageuka katikati, na hapo stendi, mchana kweupe, watu wanapita na mizigo, akalia mpaka simu ikawa inatetemeka sikioni. Hakuikata. Na mama Upendo kule Handeni akasikia yote.

"Fundi," akasema baadaye, sauti imeshuka. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Jumatatu naenda Dar. Kitambaa chako kakichukue kwa Maryamu, umpelekee Raymond, yeye atakuwahishia."

"Unarudi lini?"

Maisha yake yote Mhina alikuwa na jibu la swali hilo, tena tayari mdomoni. Kesho. Keshokutwa. Ijumaa baada ya swala. Alilitafuta, hakuliona.

"Sijui," akasema. "Hilo kwa kweli sijui."

"Basi kitambaa kaa nacho," mama Upendo akasema. "Upendo atavaa za mwaka jana, zimembana lakini zinafunga. Utashona ukirudi. Ila safari hii, fundi, usinidanganye."

"Sitakudanganya," Mhina akasema, na basi la Handeni likawa linaingia.