Tundu Ninaloliacha Kwenye Kila Hema

"Hivi wewe, kwa nini kila hema unaloshona unaliachia tundu?"

Jirani yangu mwuza maziwa aliniuliza hivyo mwaka mmoja, ameegemea mlango wa chumba changu cha kazi, kidumu mkononi. "Watu wanakuja kwako wakingwe baridi, wewe unaifungulia njia."

Nikamwambia baridi nayo ni kiumbe wa Mungu, iache ipite. Akacheka, akanipimia maziwa yangu, akaenda zake. Hakujua kwamba swali hilo nilikuwa nalikwepa kwa miaka mingi, na mimi sikumwita arudi nimjibu.

Kazi yangu ni kushona mahema. Tunaishi chini ya mlima, mahali ambapo msimu wa baridi maji ya ndoo huamka yameshika ganda. Wapanda mlima huniletea mahema ya bei ya chini, yale mepesi ya nailoni, niyatie zipu na viraka. Hayo hayapatani na moto hata kidogo, cheche moja tu na ukuta wote unanywea. Lakini mara mojamoja mtu huagiza hema kubwa la turubai la pamba, na hilo unaweza kulitengeneza likae na jiko. Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye huunda jiko dogo la kuni, la bati nene, ukubwa wa debe, lina mlango, miguu minne na bomba la moshi la vipande vitatu. Mimi hukata tundu kwenye paa na kulizungushia kitambaa kile kizito wanachojikingia cheche wachomeleaji, ili bomba lipite katikati bila kugusa turubai. Kisha naweka matundu mawili ya wavu, moja chini karibu na mlango, moja juu kabisa.

Nina desturi yangu. Hema la jiko halitoki kwangu mpaka nimeketi ndani yake, jiko linawaka, tangu kijiti cha kiberiti mpaka kaa la mwisho lizimike. Naketi na ndoo ya maji ubavuni na sala mdomoni. Nimefanya hivyo mara nyingi na bado sijazoea. Nje umande umeganda juu ya majani, ndani unavua shali. Moto unavuma kwenye bati, na kati yako na baridi ya dunia nzima kuna kitambaa tu, kitambaa ulichokishona mwenyewe. Kila mara nywele zinanisimama. Nasema, Mola wangu, nani alikufundisha kuweka uhai mahali pembamba hivi?

Sasa, mwanangu. Ni mmoja tu, na watu wanamwita Kapteni, kwa sababu huwaongoza wanafunzi wa chuo cha misitu kupanda mlima. Baba yake alikuwa mpagazi katika mlima huohuo, na alifia kule mtoto akiwa na miaka mitatu. Mji mzima ulisema baridi imemwua. Mwanangu alikua akilijua hilo, na nadhani ndilo lililomfanya achukie baridi kama mtu anavyomchukia mtu.

Msimu uliopita aliniagiza hema la jiko la kulia chakula na kukaushia nguo, maana alikuwa na wanafunzi kumi na sita wa kukaa nao wiki nzima kule juu. Asubuhi ya kulichukua alikuja na gari la chuo. Nyuma kulikuwa na mahema manane ya nailoni ya kulalia, na majiko manane madogo ya mkaa, na gunia.

"Ya nini hayo?" nikauliza.

"Ya kulalia, mama. Kila hema na jiko lake."

Nikafunua hema moja. Tundu la juu lilikuwa limeshonwa. Nikafunua la pili, limeshonwa. Yote manane, uzi mweusi, mshono wa haraka wa fundi wa sokoni.

"Nilijua wewe ungekataa," akasema, anacheka kidogo. "Usiku upepo unaingia humo kama una funguo."

"Na mkaa ndani?"

"Mama, kinachoua ni moshi. Mkaa ukishaiva hauna moshi. Mtu atakufa kwa kitu gani, kwa kitu kisicho na harufu?"

Shemeji alikuwa uani anaunganisha bomba. Akainua kichwa. "Kapteni, mimi nimevuta hewa mbaya ya vyuma miaka thelathini. Nikikuambia hewa ina meno, niamini."

"Baba mdogo, wewe una meno mangapi mwenyewe?"

"Manne, na yote yanauma."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona wale vijana kumi na sita, wawiliwawili, wamelala wamefunga zipu.

Shemeji akafuta mikono, akatoa mfukoni kidude cheupe kama kipande cha sabuni, chenye kidirisha cha namba. Alikinunua baada ya fundi wake mmoja kuanguka gereji, jenereta likiunguruma milango imefungwa. "Hiki kinanusa sumu ya moto ambayo pua haiipati," akasema. "Tukitumie leo, tusigombane."

Tukaanza na hema kubwa. Jiko juu ya jiwe bapa, mkono mzima mbali na turubai, matundu yote mawili wazi. Tukaketi watatu ndani, kidude kinaning'inia kwenye kamba usawa wa vichwa vyetu. Kuni zikashika. Nje barafu ilikuwa bado juu ya paa la jirani, sisi tulikuwa tunafungua vifungo. Kidude kilisema sifuri. Kuni zikawa makaa, kikasema sifuri. Birika likachemka, nikawamiminia chai, sifuri. Niliweka kiganja kwenye tundu la chini nikasikia hewa ya baridi inaingia taratibu, kama mtu mwenye adabu, na juu ile iliyochoka inatoka. Hema lilikuwa linapumua. Hata mwanangu alikuwa anaangalia juu.

"Na moto ukizimika, mnalala," nikamwambia. "Halali mtu na moto unaowaka. Maji ya moto kwenye chupa, chupa ndani ya soksi, soksi miguuni, kila mtu kwenye hema lake lisilo na jiko."

"Hili ni zuri, mama, sikatai. Lakini na yale yatakuwa salama vilevile. Kidude chenu kikilia, mimi sitakuwa na neno tena."

Tukasimamisha hema moja la nailoni pale uani. Akawasha mkaa nje, akaupepea mpaka ukawa mwekundu mtupu, hauna hata uzi wa moshi. Kwa kweli ulikuwa mzuri kutazama. Akauingiza ndani juu ya tofali, shemeji akatundika kidude nyuma ya kipande cha plastiki angavu kilichokuwa mlangoni mwa hema ili tusome namba tukiwa nje, zipu ikafungwa. Ndani hakuingia mtu. Tukakaa nje kwenye viti vitatu.

Jirani akaingia na kidumu chake. "Mbona mnalitazama hema kama televisheni?"

"Njoo uone," shemeji akamwambia. "Kipindi ndio kinaanza."

Akasimama nyuma yangu. Hema lilitulia. Ukutani kulikuwa na mwanga mwekundu laini, wa kumwita mtu alale. Hakuna moshi. Nilisogeza pua kwenye mshono, hakuna harufu isipokuwa ya nailoni mpya. Kidude kilisoma sifuri. Kisha kumi na nane. Kisha arobaini.

"Kimeharibika," mwanangu akasema.

Sabini. Kikaanza kulia, sauti nyembamba, kali, na namba hazikungoja: mia moja na kumi, mia mbili, mia tatu na thelathini. Na bado hapakuwa na kitu! Mwanga uleule, utulivu uleule. Nimezika watu, nimekaa na wagonjwa, lakini sijawahi kukitazama kifo kikiingia nyumbani kama siku ile, hakina mguu, hakina kivuli, kinahesabiwa tu. Jirani alishika bega langu. Nikamtaja Mungu kwa sauti.

Shemeji akajifunika mdomo, akavuta zipu kwa mkono mrefu, akalisukuma jiko nje kwa chuma. Hakuna aliyefanya mzaha.

"Labda ni hiki kidude," mwanangu akasema, polepole sana. "Baba alikwenda na jiko kama hili miaka yote. Kilichomwua ni baridi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba namba peke yake haitoshi. Angepanda gari akiwa na labda yake, na ile labda ingelala na watoto wa watu. Nikainuka. "Nifuate."

Ndani ya chumba cha kazi, chini ya meza ya cherehani, nina sanduku la bati. Nilikuwa sijalifungua mbele ya mtu. Nikatoa kipande cha turubai la zamani, upana wa sahani, kina wavu katikati, na wavu umeshonwa, mshono mara mbili, uzi wa nta.

"Hili ni tundu la juu la hema la baba yako," nikasema. "Alilalamika linampulizia shingoni. Ulikuwa na miaka mitatu, unacheza na vifungo hapo chini. Nikalishona. Nikalishona vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kushona, kwa sababu nilimpenda. Na jiko la mkaa nililifunga kwenye mzigo wake mimi, kwa mikono hii."

Macho yake yalikuwa kwenye mshono.

"Walipomleta, midomo na kucha zilikuwa na wekundu wa mtu mwenye afya. Muuguzi akaniita pembeni, akaniambia, mama, huyu hakuuawa na baridi, ni hewa ya mkaa. Watu wakasema baridi, nami nikawaacha waseme. Nilimwambia Mungu kila siku. Wewe niliogopa kukuambia."

Alikipokea kile kipande. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, uzi kwa uzi, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo.

"Huu ni mkono wako," akasema.

"Ni wangu."

Mlangoni jirani alikuwa amesimama na kidumu, maziwa hajayapima. Shemeji nyuma yake, kofia mkononi. Kidude kilikuwa kimenyamaza.

Nilingoja anilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo kwa miaka ishirini na moja. Mwanangu akakiweka kile kipande juu ya meza, akakilaza vizuri kwa kiganja. Akavuta mtoto wa meza ya cherehani, akatafuta kati ya chaki na bobini mpaka akapata wembe ninaofumulia mishono. Akautazama ukali wake kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akampita jirani mlangoni, akatoka kuelekea kwenye gari. Akashusha gunia na majiko ya mkaa kwanza, ndipo akayaendea yale mahema na wembe wake.