Kengele ya Saa Nne

Darwesh na kiti hawakupatana tangu utotoni. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anatafuta pa kwenda. Asubuhi ile ya mwaka 2005, katika duka la intaneti la bintiye Hind, mtaa wa Hurumzi, alikuwa keshatoka na kuingia mara chungu nzima.

Dada yake Tamima alikuwa amempelekea salamu kutoka Maskati. Hawakuwa wakisemezana tangu ule ugomvi wa nyumba ya marehemu baba yao. Sasa alitaka waandikiane kwenye kompyuta, saa nne asubuhi ya Unguja. Alisema atamngoja kidogo. Asipomkuta, atajua bado amenuna, na hatamsumbua tena.

"Baba, kaa hapa hapa mbele ya kioo cha kompyuta," Hind alimsihi.

"Nikae kama nanga? Nshaandika programu. Saa nne ikifika italia kengele, na mimi nnakunywa kahawa yangu barazani."

Wiki mbili tu alikuwa amejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwa bintiye, na kichwa kishakuwa kikubwa. Alijua kuwa baada ya if saa == 4, yaani kama saa ni nne, lazima ziwekwe nukta mbili, na mstari wa chini, ule wa kupiga kengele, usogezwe ndani, la sivyo kompyuta inagomba. Hind alipotaka kuitazama kazi yake, alimkatalia. Haikugomba, alisema, basi imekubali. Hind akaenda kufundisha chumba cha nyuma.

Nje, Darwesh aliagiza kahawa, hakuimaliza. Akaenda hadi mwisho wa kichochoro, akarudi. Akatega sikio mlangoni. Kimya. Roho ilikuwa juu juu, lakini kila alipotaka kuingia alijizuia, asije Hind akamcheka kuwa haamini alichoandika mwenyewe. Mtu mzima mzima, na kiburi chote hicho!

Muuza kahawa alipoanza kukusanya vikombe vyake, saa tano ikikaribia, Darwesh aliingia mbio. Hind alikuwa amesimama mbele ya kioo, mkono mdomoni.

"Baba, uliiambia kompyuta saa nne yetu?"

"Kwani kuna nyengine?"

"Yenyewe inahesabu tangu usiku wa manane. Saa nne yetu sisi, kwake ni kumi. Nne yake ilipita alfajiri haijaingia, sisi tumelala. Kuandika hukukosea, Baba. Ila ulichoiambia sicho ulichokitaka."

Kwenye kioo kulikuwa na maneno ya Tamima. Kaka, upo? Chini yake: Darwesh, mimi hapa. Kisha: Haya. Nimefahamu. Jina lake lilikuwa limeshafifia; keshaondoka mtandaoni.

Darwesh akaandika kwa kidole kimoja: Nipo. Tamima, wallahi nipo. Hakuna aliyejibu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini Hind alimwonea huruma.

"Nikibadilisha nne nikaweka kumi, kesho italia."

"Italia," alisema Darwesh, machozi yakimtoka bila kuyaficha. "Iniite niandikiane na nani?"