Jua la Uani

Kila asubuhi, kabla hajaosha vikombe, Mama Kijiti aliyahamisha maboga yake. Alikuwa ameyapanda kwenye mabeseni matatu yaliyotoboka. Ua wa nyumba ile ya wapangaji ulipata jua lenye ukubwa wa mkeka mmoja, nalo lilitambaa polepole kutoka mlango wa choo hadi chini ya dirisha la fundi cherehani. Yeye alilifuata, akisukuma mabeseni kwa goti, na binti yake Kijiti nyuma akiinua ncha za mimea zisiburutwe sakafuni. Bwana shamba aliyewafundisha darasa la jioni alisema boga halitaki mchezo. Jua likizidi, majani hulala kama masikio ya mbuzi mgonjwa; likipungua, shina hurefuka bila nguvu na maua huwa madume matupu. Lipe jua tangu asubuhi mpaka alasiri, alisema, wala usilikatize. Majani hayo ndiyo yaliyokuwa mboga ya nyumba yao, na beseni la kati lilikuwa na ua jike la kwanza, limekalia kiboga kisichozidi ngumi ya mtoto.

Kisha mwenye nyumba akaongeza ghorofa. Jua la uani likabaki juu huko, na mlango wa paa ukapigwa kufuli. Wapangaji walipolalamika, alicheka.

"Jua ni la Mungu," alisema. "Nendeni mkamshtaki yeye."

Siku zile za giza ua jike lilianza kunywea. Ndipo asubuhi moja mwanga ukarudi, mviringo safi juu ya beseni la kati, na ulikuwa unatoka kwa Kijiti. Alikuwa amechuchumaa akiwinda wadudu chini ya majani. Mwanga ulimtoka kifuani, ukapenya gauni, rangi yake ni ile ile ya jua la saa tatu. Mama yake alimgusa paji la uso. Hakuwa na homa.

"Unaumwa popote?"

"Hapana, mama."

"Haya, kaa hapo hapo. Usilikatize."

Fundi cherehani alitoa kichwa dirishani. "Mama Kijiti, ukimaliza naye nigeuzie upande huu kidogo. Tangu juzi natunga uzi kwa kubahatisha. Jana nimeshona suruali ya miguu mitatu."

"Si uivae mwenyewe, fundi."

"Ningekuwa na mguu wa tatu ningeshahama nyumba hii zamani."

Kijiti alikaa pale mpaka alasiri. Majani yaliinuka. Jioni, mama yake alipomvua viatu, miguu ilikuwa ya baridi kama chupa iliyolala nje na umande. Aliisugua kwa mafuta, akaifunga shuka nzito, akaishika mapajani mwake hadi mtoto akapitiwa na usingizi. Haikupata joto. Bwana shamba hakuwahi kusema lolote kuhusu miguu.

Boga likakua. Kila siku lilinenepa, na kila siku baridi ya Kijiti ilipanda kidogo, ikavuka vifundo, ikashika mashavu ya miguu. Asubuhi moja Mama Kijiti aliamka akakuta vikono vya boga vimepita chini ya mlango, vimejisokota kwenye mguu wa kitanda, na kimoja chembamba, kibichi, kimezunguka kidole gumba cha mtoto. Alikikata kwa mkasi wa kucha. Alikata taratibu, akiogopa kumwamsha na akiogopa zaidi kwamba hataamka.

Kijiti alifumbua macho. "Limenikumbatia," alisema, akageukia ukutani.

Siku hiyo mama alimbeba hadi barabara kuu, ambako jua lilikuwa tele, akamketisha ukingoni mpaka malori yakawajaza vumbi. Jua lilipita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Miguu haikuonja kitu. Hapo akaelewa, kama mtu anavyoelewa kwamba mfuko umetoboka: kilichomtoka mtoto ni jua la uani, na jua la uani liko juu ya paa, limelala lote, halitumiwi na mtu.

Akamwendea mwenye nyumba kumwomba ufunguo.

"Shikamoo, baba. Nampandisha mwanangu aote jua kidogo tu, halafu tunashuka."

"Marahaba. Saruji haijakauka, mama." Alishuka naye uani, akamzunguka Kijiti mara moja, akamtazama kama anavyotazamwa kuku anayetaga. "Huyu anamulika mpaka ngazini?"

"Ni mtoto, baba. Anapoa."

"Watoto hupoa, hupata joto, ndio watoto. Nami nilikuwa na wasiwasi bure! Kumbe mwanga mnao."

Akapanda juu ya kigoda, akafungua balbu ya ngazini, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Jioni ile bibi wa ghorofa ya pili alianguka na ndoo ya maji, akachubuka goti. Walikuja wapangaji wote, kwa adabu, wakasimama mlangoni kwa Mama Kijiti. Hakuna aliyedai. Walisema tu kwamba ngazini ni giza, na kwamba jirani ni jirani.

Boga lilipokomaa, Mama Kijiti alilikata. Ndani lilikuwa la manjano, na mvuke ulitoka kabla hajaliweka motoni. Kijiti alikula vipande vyote. Mama alishika miguu yake, akasubiri. Joto lilishuka likafika magotini, likasogea tena kidogo, likaishia hapo. Mbegu alizianika dirishani, maana tumaini halinyimwi mtu, akazipanda kwenye mabeseni yale yale.

Sasa anajua kipimo. Kijiti hukaa na maboga mpaka kucha zake zigeuke rangi ya majivu. Hapo mama humfunika shuka. Humfunua jioni, ngazini, watu wanapopandisha maji. Juu yao mafundi wanachanganya saruji ya ghorofa nyingine, na koleo zao zinasikika mpaka uani.

Jana mama alikaa nyuma ya mwanawe kwenye kidato cha kati cha ngazi, miguu ya mtoto ameishika viganjani, shuka iko tayari begani. Watu walipita mmoja mmoja, wakisema asante.

"Mama," alisema Kijiti, "unifunike sasa?"

Mama alichungulia chini. Bibi wa ghorofa ya pili ndiyo kwanza alikuwa anaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, ndoo mkononi.

"Bado kidogo, mwanangu. Bibi apite."