Pale Pasipouma

Delmer Sizemore alitoka duka la dawa akisukuma kiti chake cha magurudumu, mfuko ukiwa mapajani, akaipita ile alama ya mlangoni, bastola iliyopigwa mstari mwekundu, huku ameinamisha kichwa kama mtu anayempita mchungaji akinuka pombe. Gari la walemavu lilikuwa limeshafika. Trish, dereva wake, ameshusha lifti na anamalizia mkate wake wa soseji.

"Panda, bosi. Leo nakupeleka nyumbani kabla mbwa wako hajakusahau," akasema.

Ndani alikuwamo abiria mmoja tu, Bi Orpha Ratliff, bibi mgonjwa wa figo, aliyekuwa akitoka kusafishwa damu. Delmer alimsalimu, akazuia magurudumu. Trish akapiga magoti na kuanza kukifunga kiti sakafuni kwa zile ndoano zake, huku analalamika juu ya bei ya petroli na mume wake asiyeacha kununua bunduki za kulungu.

Hayo ya bunduki yalimfanya Delmer avute shati chini. Tangu majira ya baridi hakutoka nyumbani bila bastola. Si kwamba ilikuwa ajabu. Katika milima ile ya Kentucky hata mwalimu wa shule ya Jumapili anayo yake. Shida ilikuwa kukaa nayo. Mikoba yote ya bastola imeshonwa kwa ajili ya watu wanaosimama. Akiifunga ubavuni, inagongana na gurudumu. Akiiweka kwapani, kila anaposukuma kiti koti linafunguka na watu wanaiona. Kwenye kifundo cha mguu haifikii mpaka aanguke kifudifudi, na akiining'iniza chini ya kiti, mpuuzi yeyote aliye nyuma yake anaichomoa. Mwishowe muuzaji wa bunduki, kijana mwema tu, akamshauri aiweke mbele, ndani ya suruali, chini ya kitovu. Delmer akazunguka nayo duka zima. Kijana akamuuliza anaionaje.

"Siisikii hata kidogo," Delmer akajibu, na wote wawili wakafurahi.

Jamani, hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba tangu siku ile alipoanguka kutoka paa la kanisa, Delmer hasikii kitu chochote kuanzia kitovu kwenda chini. Hata angewekewa kaa la moto asingejua.

Trish akavuta mkanda wa tumboni, akaupitisha mapajani mwa Delmer, akasita.

"Delmer, unatoka damu."

Delmer akasema ni mchuzi wa nyanya. Lakini Trish alikuwa amelea mama mgonjwa, mkono wake haungoji ruhusa. Akalipandisha shati, akakiinua kile kitambi kilichokuwa kikificha kila kitu. Pale palikuwa na kidonda kibichi upana wa kiganja, nyama imeliwa, na bastola imelala juu yake na kushikana nacho. Harufu ikapanda. Delmer alikuwa ameisikia harufu ile siku kadhaa, akadhani ni mbwa.

Uso ulimwaka. Hakujua aone haya kwa lipi kwanza: bastola, kidonda, au lile tumbo lililoachwa wazi mbele ya bibi wa watu. Akarudisha shati kwa mikono miwili.

Trish akainua macho kwenye kamera iliyokuwa juu ya kioo cha mbele. Sauti yake ikashuka.

"Ile inaona kila kitu, Delmer, na silaha ni marufuku humu. Nikiondoka na wewe unayo hiyo, kesho sina kazi, na wewe wanakufuta kwenye orodha ya gari moja kwa moja. Lakini bado hatujaondoka. Ukishuka sasa hivi, hujasafiri nayo. Iache dukani."

"Dukani hawaitaki."

"Basi msubiri ndugu yako atoke kazini, akuchukue."

Delmer akatazama uwanja wa kuegesha magari. Ndugu huyo, mdogo wake, angetoka kazini jioni. Kukaa pale peke yake mpaka jioni, mfuko wa vidonge vya maumivu mapajani, hilo hakuliweza. Na gari hili akilikosa, basi. Hakuna jingine katika wilaya nzima lenye lifti. Kazi yake ya kupokea simu ingekwisha, na angebaki kuangalia dirisha.

"Lakini unabebea nini, mwenzangu?" Trish akauliza. "Nani akufanye nini wewe?"

"Nyoka," akasema Delmer.

Trish alitaka kucheka, akashindwa. Bi Orpha akajikohoza.

"Mwambie ukweli, mwanangu."

"Ukweli gani?"

"Wa wale vijana waliokumwaga chini hapo nje, wakachukua dawa."

Delmer akakauka. Hadithi hiyo hakumwambia mtu. Kwa ndugu yake alisema kiti kiliteleza kwenye barafu. Polisi hakwenda, angewaambiaje kwamba walikiinua kiti kwa nyuma wakimcheka, wakammwaga kama ndoo ya maji machafu, halafu akakitambalia kwa viwiko na suruali imeshuka?

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa mle ndani, kwenye foleni. Tulikuwa wengi. Tulikuona dirishani." Bi Orpha alikuwa anausokota mkanda wa mkoba wake, hamtazami. "Nilidhani atatoka mwingine. Kila mtu alidhani hivyo. Halafu ukafika kwenye kiti chako mwenyewe, tukageuka ili usijue tumeona. Nimeona aibu tangu siku ile."

Miezi yote hiyo Delmer aliwatazama watu wa mji ule usoni akijiona ameificha fedheha yake.

"Niteremshe," akamwambia Trish.

"Utaendaje? Njia ya miguu yenyewe hakuna, na malori haya ya makaa ya mawe..."

"Niteremshe, Trish."

Trish akafungua ndoano. Lifti ikashuka inalia. Sheria ya jimbo ilimruhusu Delmer kubeba bastola karibu popote alipotaka, isipokuwa ndani ya gari pekee lililoweza kumbeba na kiti chake. Akashika magurudumu, akaingia barabarani, akaufuata mstari mweupe.

Hajafika mbali akasikia injini nyuma yake. Trish alikuwa anamfuata polepole, mwendo wa kiti, amewasha taa zote za tahadhari ili malori yasimgonge. Delmer akampungia mkono aondoke zake. Hakuondoka. Nyuma ya gari magari mengine yakaanza kujipanga, na kwa kuwa barabara ni ya kona tupu, hakuna aliyeweza kupita. Akasukuma kwa nguvu zaidi, jasho likimwingia machoni, doa kwenye shati likitanuka. Alitamani ardhi immeze.

Kwenye kona ya daraja, lori lililokuwa linakuja upande wa pili likapunguza mwendo, likasogea pembeni na kusimama, kama watu wa kule wafanyavyo wakikutana na msafara wa mazishi. Dereva wake, mzee asiyemfahamu, akavua kofia na kuiweka kifuani.

Delmer akainamisha kichwa, akaendelea kusukuma.